Maktaba Iliyokatazwa Kusema Hapana

Ipo nchi ambayo hatutaitaja jina, si kwa kuogopa, la hasha, ila kwa adabu tu, maana wenyewe hawapendi kutajwa. Wanaoijua wataijua. Ni nchi nzuri, ina mito, milima na mabango mengi ya kukaribisha wageni. Watu wake ni wapole kiasi kwamba neno "hapana" halitumiki kabisa kwa mkubwa wa aina yoyote. Mkubwa akiuliza kama daraja limekwisha, na daraja lenyewe halijaanza, hujibiwa kwamba liko mbioni. Akiuliza kama mvua itanyesha siku ya sherehe yake, huambiwa mvua imeshapewa taarifa. Watoto shuleni hufundishwa kwamba "hapana" ni neno la kuambia mbuzi na kuku, na hata hao waambiwe kwa sauti ya chini.

Katika nchi hiyo, kwenye Shirika la Vipimo, alikuwepo mhandisi aitwaye Zamda Kichuya, mwanamke wa makamo, mpole kama wenzake, mwenye tabia ya kupima meza kwa viganja kila anapoketi. Kilichokuwa kikimnyima raha ni mabomba. Kila waziri aliyeingia madarakani aliagiza mabomba na nati kwa rafiki zake, na kila rafiki alikuwa na saizi zake. Bomba la mjini halikuingia kwenye koki ya kijijini. Fundi akitaka kubana nati moja alilazimika kubeba spana za awamu zote za uongozi.

Dawa ya vurugu hiyo wahandisi wa dunia wanaijua, nayo ni namba teule. Badala ya kila mtu kutengeneza saizi anayoiota, watu wanakubaliana saizi chache: kumi, kumi na sita, ishirini na tano, arobaini, sitini na tatu, kisha mia, na chini ya kumi ni hizohizo zikigawanywa kwa kumi. Kila moja inaizidi iliyotangulia kwa uwiano uleule, mara moja na nusu na ushei, kwa hiyo hakuna pengo kubwa mno wala msongamano. Zamda alizipenda namba hizo kama watu wengine wanavyopenda nyimbo za kanisani. Akaziandikia maktaba, yaani fungu la programu ambalo programu nyingine huliazima zikitaka kazi hiyo ifanyike. Unaipa kipimo, unaieleza ni kipimo cha kitu gani, nayo inakisogeza hadi namba teule iliyo karibu. Bomba la milimita ishirini na nane? Inakuambia tumia la ishirini na tano.

Waziri aliposikia neno maktaba aliagiza rafu nne na mkutubi. Mkutubi yule, mzee mstaarabu mwenye miwani, alikaa ofisini mwaka mzima akipangusa rafu na kungoja vitabu, na hakuna aliyemwambia kitu kwa kuwa hakuuliza.

Sasa, kabla maktaba haijatoka, wafanyakazi wa Shirika waliijaribu wakati wa chakula cha mchana. Mmoja akaingiza idadi ya watu wa idara yake, ishirini na tisa, na maktaba ikajibu ishirini na tano. Wakacheka, wakaanza kuulizana ni nani hao wanne. Zamda hakucheka. Siku hiyohiyo aliongeza mistari miwili: mtu yeyote akiipa maktaba idadi ya watu, isisogeze kitu. Itoe jibu moja tu, kwa rangi nyekundu: "Hapana. Hawa ni watu." Alikuwa ameandika maelfu ya mistari, lakini hiyo miwili ndiyo aliyokuwa akijivunia. Wakati mwingine aliifungua bila sababu, akaisoma, akaifunga.

*

Siku ya uzinduzi Rais mwenyewe alikuwa aje kubonyeza kitufe. Waziri wa Vipimo, Mheshimiwa Profesa Gervas Lupondije, alifika asubuhi na mapema kufanya mazoezi kwa niaba yake. Uprofesa wake alipewa na chuo alichokizindua yeye, na alikuwa mtu wa sauti nene, asiyesema "maji" pale anapoweza kusema "rasilimali kimiminika". Aliona haifai Rais wa nchi asimame mbele ya mabalozi abonyeze bomba. Rais ni wa watu, abonyeze watu. Akaingiza idadi ya watumishi wa wizara yake ili aone itakavyokuwa.

Kioo kikubwa cha mashine kikawaka chekundu, kikaangaza turubai zima la sherehe. "Hapana. Hawa ni watu." Kwaya iliyokuwa ikijaribu sauti ikanyamaza katikati ya ubeti.

"Hii ni nini, Mama Mhandisi?" Waziri aliuliza.

Zamda alimweleza kwamba maktaba inakataa, na imewekwa hivyo makusudi, kwa sababu bomba ukilipunguza milimita tatu halina habari, lakini watu ukiwapunguza watatu, hao watatu ni lazima wawe mahali fulani.

"Inamkataa nani?"

"Yeyote atakayejaribu, Mheshimiwa."

Waziri alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. Akasema kwa upole kwamba baada ya saa tatu Kiongozi wa Nchi atasimama papo hapo, mbele ya dunia, na mashine ya serikali yake mwenyewe itamwambia neno ambalo hajaambiwa tangu aache kunyonya. Je, Mama Mhandisi yuko tayari?

Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kioo, herufi zake kubwa kuliko mlango, na Zamda alihitaji kulisoma tu. Badala yake alisema, "Nitairekebisha, Mheshimiwa."

Aliketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya jenereta, kompyuta mapajani, akafuta mistari miwili. Mahali pake aliandika kwamba maktaba ikipewa watu iwasogeze kama kitu kingine chochote, kisha iseme kwa rangi ya kijani, "Ndiyo, Mheshimiwa." Alijiambia atairudisha Jumatatu. Mkono haukumtetemeka hata kidogo, na baadaye, kila alipoikumbuka ile asubuhi, hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote.

Waziri alirudi tena. Alitaka mfano wa kumpa Rais, sehemu ndogo ya mashambani, yenye watu wachache, inayogusa moyo. Zamda, kichwa kikiwa bado kinamzunguka, alitaja ya kwanza iliyomjia, kitongoji cha Mlimbila, watu ishirini na nane. Alikiri moyoni kwamba alikitaja kwa mapenzi. Huko ndiko alikokulia, na dada yake mkubwa Mwantumu, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, alikuwa bado anaishi huko.

Rais akabonyeza. Kioo kikawa kijani: ishirini na tano, ndiyo, Mheshimiwa. Mabalozi wakapiga makofi, kwaya ikaangua wimbo.

"Na wale watatu?" Rais aliuliza.

"Wanashughulikiwa, Mheshimiwa," Waziri alijibu.

Lilikuwa swali zuri, na kwa kweli ndilo pekee lililoulizwa siku ile. Jumatatu Zamda alienda kazini akakuta maktaba imeshasambazwa wilaya zote, na mlango wa ofisi yake umepakwa rangi ya kijani.

*

Mambo yakaenda haraka, maana katika nchi ile jambo la busara ndilo linalohitaji kamati. Bunge likapitisha Sheria ya Ulinganifu. Maghala ya serikali yakajazwa pampu, neti na madawati yaliyofungwa kwa mafungu ya watu kumi, kumi na sita, ishirini na tano na kuendelea, na ikatangazwa kwamba mahali penye idadi isiyo teule hapana fungu lake ghalani, kwa hiyo hapatapata kitu mpaka pajirekebishe.

Timu za mpira zikapungua hadi wachezaji kumi, na kwa kuwa kila mkubwa ana shemeji yake mshambuliaji, waliokatwa ni magolikipa. Mawaziri walikuwa hamsini na wawili, wakasogezwa hadi sitini na tatu, tena kwa shangwe. Muhula wa Rais, ambao ni miaka mitano, uligundulika kuwa karibu zaidi na minne, ila tume maalumu ikabaini kwamba mashine ilikuwa imechoka siku ile, na kumi nayo ni namba teule nzuri sana. Ndoa zilisimamishwa kwa muda, kwa sababu wawili, kwa uwiano, wanaangukia katikati kabisa ya moja nukta sita na mbili nukta tano, na wanasheria wa serikali hawakuafikiana wasogezwe upande gani.

Waliozidi mahali pao waliitwa mabaki. Serikali haikuwatupa, tusije tukaisingizia. Palipopungua watu walihitajika wa kuongeza, basi mabaki wa huku wakapelekwa kule kuwa raia wa kujazia. Kazi ya raia wa kujazia ni moja tu, awepo. Kila asubuhi saa mbili anasimama uwanjani ahesabiwe, halafu mchana kutwa yuko huru kufanya lolote, ila hana shamba, jembe wala jamaa wa kulifanya naye.

Magazeti yalimwita Zamda Mama wa Ulinganifu. Alialikwa kwenye vipindi vya redio, akaulizwa siri ya mafanikio yake, akajibu kwamba ni kujituma. Usiku alilala vizuri tu. Shida ilikuwa mchana, kila alipoona watu wamekaa pamoja, akajikuta anawahesabu na kujua ni yupi wa kuondoka.

*

Mlimbila, kama eneo la mfano, lilikuwa la kwanza kupelekewa pampu ya maji. Ililetwa na lori, bado imefungwa nailoni, ikawekwa uwanjani chini ya ulinzi mpaka watu wawe ishirini na tano. Kwa miaka yote akina mama wa Mlimbila walikuwa wakiteka maji kwenye dimbwi wanakonyweshwa ng'ombe; sasa wakasimama siku nzima wakiitazama ile pampu.

Mjumbe wao, Bwana Kapilima, mtu wa haki na mcha Mungu, aliitisha kikao. Hakuna aliyemtaja mwenzake kwa ubaya. Vijana wawili waliokuwa na nia ya kwenda kutafuta maisha walijitolea. Akabaki mmoja wa kutafutwa. Chai ilipopoa, mtu mmoja kikaoni akasema kwa heshima zote kwamba Bi Mwantumu hana mtoto wa kunyonya, na tena ndugu yake ndiye mwenye hiyo mashine. Akienda, si atarudishwa upesi kuliko mtu mwingine yeyote? Kila mtu aliona ni wazo la upendo. Walimsindikiza hadi barabarani wakimbebea godoro.

Zamda alijua habari hizi kwa simu. Mwantumu alipiga kutoka mahali paitwapo Nyakatanga, siku mbili za safari kutoka kwao, palipokuwa na watu thelathini na tisa. Yeye alikuwa wa arobaini. Hakulalamika. Alisema wenyeji ni wazuri, wamempa chumba kilichokuwa cha kuwekea kahawa, na wanamwita Arobaini kwa sababu jina lake wanalisahau.

"Nimesikia redioni wewe ndiye uliyeitengeneza hii kitu, mdogo wangu," alisema. "Nikawaambia watu hapa, huyo nimembeba mgongoni mimi. Hawakuamini."

Zamda alisema ndiyo, ni yeye. Alitaka kusema na mengine, lakini dada yake alikuwa anacheka kwa fahari, na kumkatiza mtu anayejivunia wewe ni kazi ngumu. Akamuuliza kama huko kuna baridi.

*

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Waziri. Alijikaza, akasema mistari miwili irudishwe. Alisema alikosea kuifuta, alijua anakosea wakati anaifuta, na watu wanaumia.

Waziri alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasimama dirishani, mikono nyuma, akaanza kuongea na mji.

"Mama Mhandisi, taifa ni mkusanyiko wa watu waliokubali kuhesabika. Wewe umelipa taifa hili kitu ambacho bendera haikulipa wala wimbo haukulipa. Umelipa mkato, kama wa suti. Sasa unataka kuniambia una majuto? Majuto ni hisia binafsi, na hisia binafsi hazina saizi teule."

Akafungua droo, akatoa Nishani ya Ulinganifu Daraja la Kwanza, akamvisha palepale. Zamda alisimama wima akavishwa. Hata alishukuru. Alifika kwenye ngazi ndipo akaivua, akaiweka kwenye mkoba, na kwa wiki tatu nzima hakufanya kitu kingine zaidi ya kuhisi uzito wake kila alipobeba ule mkoba. Hizo wiki tatu tusimfichie. Mkononi alikuwa na ufunguo wa kuibadilisha maktaba nchi nzima muda wote, hakuna aliyemnyang'anya, na kila siku alikuta sababu ya kungoja kesho.

Mwishoni Mwantumu alipiga tena, akauliza tu kama Zamda bado ana ile khanga yake ya njano, maana alitaka kujikumbusha maneno yake yalikuwa yanasemaje. Hakulia, alitaka tu kukumbuka. Zamda aliweka simu chini, akafungua kompyuta mchana kweupe, saa nne, wenzake wakipita na vikombe vya chai, akarudisha mistari miwili.

Nchi nzima ikawa nyekundu. Wilayani, mikoani, ikulu kwenyewe, kila aliyeingiza watu alijibiwa kwamba hapana, hawa ni watu. Makarani walifunika mashine kwa vitambaa vya meza kwa aibu. Zamda alikaa ofisini akingoja kukamatwa. Alikuwa amepakia mswaki na kandambili kwenye mkoba, na kusema kweli alikuwa na hamu waje.

Hawakuja. Saa moja jioni Waziri alitokea kwenye redio akatangaza, kwa furaha kubwa, kwamba awamu ya kwanza ya Ulinganifu imekamilika kabla ya muda wake, na kwamba serikali, kwa kuona mbali, imeielekeza mashine ikatae. Sheria ilifutwa bila aliyeitunga kutajwa. Mabaki wote waliambiwa wako huru kurudi makwao kwa gharama zao. Mawaziri walibaki sitini na watatu, kwa sababu mashine ilikataa kuwagusa.

*

Zamda aliazima gari la Shirika akamfuata dada yake Nyakatanga. Mwantumu alikuwa amekonda. Alipanda mbele, akafunga mlango, akatazama barabara, na hapo ndipo Zamda alipoyasema yote: mistari miwili, kiti cha plastiki, jina la Mlimbila, zile wiki tatu.

"Ulijua?" Mwantumu aliuliza. "Wakati unaifuta, ulijua itakuwa hivi?"

"Nilijua."

Walipita mji mdogo na soko lake. Kisha Mwantumu akasema, "Hilo litabaki kwako, Zamda. Usinipe na mimi nikusaidie kubeba. Mimi nilikubeba inatosha." Akaomba wasimame anunue ndizi.

Mlimbila waliwapokea vizuri mno. Viti vilitolewa, uji ulichemshwa, watoto waliletwa kusalimia. Pampu ilikuwa inafanya kazi, maji safi yakitoka kwa kishindo, na akina mama walimwonyesha Mwantumu jinsi inavyobonyezwa. Walimwacha ajaribu. Baada ya uji, Bwana Kapilima alikohoa.

"Bi Mwantumu, hapa ni kwako, hilo halina mjadala," alisema. "Ila tuko ishirini na tano. Wale vijana wawili wamepata kibarua mjini, hawarudi. Ukiingia wewe tunakuwa ishirini na sita."

Zamda alimweleza kwamba sheria imefutwa. Walijibu kwa upole kwamba wamesikia redioni. Lakini redio ileile ndiyo iliyosema mwanzo, na waliosema wako palepale, tena wameongezeka. Pampu ilikuja na ishirini na tano. Nani atawahakikishia kwamba haitaondoka na ishirini na sita? Zamda alisema yeye atawahakikishia. Walitazama chini, na hakuna aliyesema hapana.

"Tunachoomba ni subira," Kapilima aliendelea, sauti imeshuka. "Mzee Pazi hali yake si nzuri. Tangu mfungo hatii chakula mdomoni. Nafasi ikipatikana, tumeshakubaliana, wewe ndiye wa kwanza."

Mzee Pazi ndiye aliyemfundisha Mwantumu kusoma, enzi hizo Zamda akiwa mgongoni. Kitanda chake kilikuwa nyumba ya pili kutoka pale walipokaa. Mwantumu alikwenda kumjulia hali, akamshika mkono, akamlisha uji kidogo, akarudi garini bila kumwangalia mtu.

Sasa anaishi mjini kwa mdogo wake, chumba cha nyuma. Kila Jumapili anampigia Kapilima. Wanasalimiana, wanaulizana mvua, mahindi, pampu. Kisha anauliza Mzee Pazi anaendeleaje, kama mtu mwenye adabu anavyouliza, na Zamda jikoni anasimamisha kisu.

Jumapili iliyopita Kapilima alisema mzee amepata nafuu. Ameamka, amekula ugali, ameomba atolewe nje akae juani, na daktari anasema bado ana miaka.

"Alhamdulillahi," Mwantumu alisema, akakata simu.

Alibaki ameishika. Zamda aliuona uso wa dada yake, na dada yake akauona wake, na kila mmoja alijua mwenzake ameisikia vipi ile habari. Zamda aligeuka, akaendelea kumenya viazi.